Injini Ndogo ya Nitro Inapogoma: Kutafuta Hitilafu ya Mafuta Kati ya Moshi na Arusha

Injini ndogo ya nitro inapozima katikati ya uwanja, wengi wetu hukimbilia bisibisi na kuanza kuzungusha sindano ya kabureta, ile skrubu inayopima mafuta yanayoingia. Hapo ndipo tatizo la dakika chache hugeuka kuwa kazi ya mchana kutwa, kwa sababu mara nyingi hitilafu haikuwa kwenye sindano bali kwenye plagi iliyochoka, mpira uliotoboka au mafuta yaliyoingia maji, na sasa zipo hitilafu mbili badala ya moja. Utaratibu unaopendekezwa hapa ni wa kinyume: yachunguzwe mafuta yenyewe, kisha plagi, kisha njia ya mafuta na ya hewa, na sindano iguswe mwisho. Yanayosemwa yanahusu magari na ndege za mfano zenye injini ya mipigo miwili inayotumia plagi ya joto, na mahali ambapo magari na ndege zinatofautiana patatajwa.

Mafuta yenyewe

Sehemu kubwa ya mafuta ya nitro ni methanoli, ambayo ndani yake huchanganywa nitromethani na oili. Mafuta ya ndege kwa kawaida huwa na nitro asilimia 5 hadi 15 na oili karibu asilimia 18 hadi 20, ilhali ya magari huwa na nitro nyingi zaidi, mara nyingi asilimia 20 hadi 30, na oili pungufu, kama asilimia 8 hadi 12. Injini hizi hazina sampu ya oili, yaani bakuli la oili chini ya injini. Kilainisho chote hufika kwenye beringi, konrodi (mkono wa pistoni) na pistoni kikiwa kimeyeyuka ndani ya mafuta. Kwa hiyo injini inayokosa mafuta inakosa pia oili kwa wakati uleule, na ndiyo sababu kukosa mafuta huua injini ilhali kuzidiwa na mafuta huisumbua tu.

Kwa kuwa mafuta haya hayapatikani kwenye kila duka la vipuri, wapo wanaojaribu kutumia kilicho karibu. Petroli haifai, hata ikichanganywa na oili. Waya wa plagi ya joto una platinamu, na mvuke wa methanoli unapokutana na platinamu yenye moto hutokea mmenyuko unaoendelea kuupasha waya huo baada ya betri kuondolewa. Petroli haifanyi hivyo, na zaidi ya hapo huvimbisha na kuharibu mipira ya silikoni. Spiriti ya kawaida ya dukani nayo msingi wake huwa ni ethanoli, si methanoli. Oili ya bodaboda haiyeyuki ndani ya methanoli, bali hujitenga na kutuama chini ya chupa, na injini hubaki ikizunguka bila kilainisho. Mafuta ya nyonyo huyeyuka vizuri na yametumika katika injini hizi tangu zamani, lakini ni yale safi, si yale ya nywele ambayo mara nyingi yametiwa manukato au kuchanganywa na mafuta mengine. Mwenye ndege afahamu pia kwamba injini nyingi za ndege hufanya kazi bila nitro kabisa, kwa methanoli na oili pekee, ingawa huwa ngumu kidogo kuwasha na mwendo wake wa sailensa, yaani ule wa chini kabisa kabla ya kufungua kasi, hautulii sana. Asilimia ya nitro ikibadilika, sindano lazima irekebishwe, kwa maana nitro inapoongezeka injini huhitaji mafuta mengi zaidi kwa kiasi kilekile cha hewa.

Adui mkubwa wa mafuta yaliyokwisha kufunguliwa ni maji. Methanoli huvuta unyevu kutoka hewani, na wakati wa masika chupa iliyoachwa wazi au iliyojaa nusu tu huharibika haraka. Injini iliyopewa mafuta ya namna hiyo huwaka kwa taabu, huzima mara tu kiwashio (kifaa chenye betri kinachopasha plagi wakati wa kuwasha) kinapoondolewa, na urekebishaji uliofaa jana haufai leo. Hakuna namna ya kuyatambua kwa macho, kwa kuwa maji hayatuami chini kama yanavyotuama kwenye petroli, yamechanganyika kabisa. Kipimo cha kuaminika ni kuweka mafuta kutoka chupa mpya iliyofungwa, au kuazima kidogo kwa mwenzako ambaye injini yake inaimba, bila kubadilisha kitu kingine chochote. Tatizo likiondoka, mafuta ya zamani hayana dawa. Yanayobaki yahifadhiwe kwenye chombo kinachojaa, kilichokazwa kifuniko, mahali penye giza, kwa maana mwanga wa jua huiharibu nitromethani.

Chombo hicho kisiwe chupa ya maji ya kunywa. Methanoli ni sumu inayopofusha na kuua, na kiasi kidogo sana kinatosha kwa mtoto. Aliyeimeza apelekwe hospitali mara moja, iwe Mount Meru au KCMC au kituo chochote kilicho karibu, hata kama anajisikia mzima, kwa sababu madhara hukawia kwa saa kadhaa kabla ya kujitokeza. Kwa sababu hiyohiyo, ile desturi ya gereji ya kunyonya mafuta kwa mdomo kupitia mpira ili yaanze kutiririka haina nafasi hapa. Bomba la sindano kutoka duka la dawa hufanya kazi hiyo kwa usalama na kwa bei ndogo. Moto wa methanoli nao karibu hauonekani juani, kwa hiyo usimimine mafuta karibu na injini yenye moto, na uwe na ndoo ya maji karibu. Anayetarajia kuletewa mafuta haya kwa ndege aelewe kwamba ni bidhaa hatari na hayaruhusiwi kwenye begi la abiria, liwe la mkononi au la kupakiwa.

Plagi

Plagi ifunguliwe na kuunganishwa kwenye kiwashio chake nje ya injini. Waya wote unatakiwa kung'aa rangi ya chungwa iliyokolea. Ukiwaka nusu, ukififia au usipowaka, jaribu kwanza betri ya kiwashio iliyojaa, na hali ikibaki hivyo, badilisha plagi. Kiwashio ni cha volti 1.2 hadi 1.5. Betri ya pikipiki, yenye volti 12, itaukata waya kwa kufumba na kufumbua.

Plagi pia hueleza yaliyotokea ndani. Waya unaong'aa na wenye unyevu wa oili unaonyesha kwamba mafuta yanatosha, au yamezidi kidogo. Waya uliopauka, wenye rangi ya kijivu na umbo lililopinda, ni dalili ya joto kali, na kwa kawaida chanzo chake ni kukosa mafuta. Ikiwa injini inakwenda vizuri kiwashio kikiwepo na kuzima kinapoondolewa, yanabaki mambo mawili: plagi imechoka, au mafuta yamezidi kiasi cha kuuzimisha waya. Anza na plagi, kwa sababu kuibadilisha hakuharibu mpangilio wa kitu kingine, na kwa sababu plagi inayong'aa vizuri nje ya injini wakati mwingine hushindwa ikiwa ndani yake. Mwenye injini ya nitro asiyekuwa na plagi ya akiba uwanjani ameamua mapema kurudi nyumbani.

Tangi na mipira

Kwenye injini nyingi za aina hii, tangi hupata mgandamizo kutoka kwenye ekzosi: mpira mmoja hutoa gesi ya moshi na kuiingiza tangini ili isukume mafuta, na mwingine hupeleka mafuta kwenye kabureta. Mpira wa ekzosi ukichomoka au kutoboka, injini huwaka na kutulia kwenye sailensa kama kawaida, kisha hukosa mafuta unapofungua kasi. Anayezungusha sindano katika hali hiyo ataifungua sana, na siku atakapourudisha mpira mahali pake, injini itazama kwenye mafuta.

Tazama mpira wa mafuta injini ikiwa inakwenda. Mapovu madogo yanayopita bila kukoma yanasema kwamba hewa inaingia mahali fulani, au kwamba mafuta tangini yanatoka povu kwa mtetemo. Povu hutibiwa kwa kuweka sponji kati ya tangi na mwili wa chombo, na kwa upande wa ndege, kwa kusawazisha rafadha. Kwa hewa inayoingia, ondoa tangi, limwage, ziba njia zote isipokuwa moja, lizamishe kwenye beseni la maji, kisha sukuma hewa kwa bomba la sindano. Povu litatokea palipo na tundu: kwenye gasketi ya kifuniko mara nyingi zaidi, kwenye shina la mpira, au kwenye kiungo cha tangi lililopata pigo. Likaushe kabisa kabla ya kulirudisha, kwa maana hakuna sababu ya kuingiza kwa mkono maji yaleyale tuliyoyakataa kwenye chupa.

Ndani ya tangi la ndege kuna mpira laini wenye kizito mwishoni, ambacho hufuata mafuta popote yanapoelekea ndege inapoinama. Mpira huo hukakamaa kwa umri, au husukumwa mbele ndege inapotua kwa kishindo na kubaki umejikunja. Dalili yake ni bayana: injini inakwenda vyema ardhini na kuzima ndege inapoinua pua. Hata mahali pa tangi ni muhimu; mstari wa katikati yake uwe sawa na sindano ya kabureta au chini yake kidogo, kama sentimita moja. Tangi likiwa juu mno, injini huzidiwa tangi linapojaa na kukosa mafuta linapokaribia kuisha, na hakuna sindano itakayoridhisha hali zote mbili.

Chujio la mafuta lisafishwe kwa mafuta hayohayo, si kwa maji wala petroli. Kipande cha mpira kidogo kuliko punje ya mchanga kinatosha kuziba tundu la kabureta, na kwa kawaida hukwama pale pale penye ncha ya sindano. Ukishuku hivyo, hesabu mizunguko unapoifunga sindano taratibu hadi igote, iandike, itoe kabisa, puliza tundu, kisha irudishe kwa hesabu ileile.

Hewa ya wizi na vumbi

Kuna hewa nyingine inayoingia si kwenye tangi bali kwenye injini yenyewe: chini ya kabureta penye oringi (pete ya mpira ya kuzibia), kwenye kifuniko cha nyuma, au kwenye beringi ya mbele iliyochakaa. Injini ya namna hiyo hairekebishiki. Mwendo wake wa sailensa hupanda na kushuka wenyewe, na ukifunga kasi, injini hukataa kushuka mara moja. Paka grisi nzito kuzunguka kiungo unachokishuku injini ikiwa kwenye sailensa. Sauti ikibadilika, umepapata. Silikoni ya gasketi inayouzwa kwenye maduka ya vipuri vya magari huziba vizuri chini ya kabureta na kwenye kifuniko cha nyuma, mradi ipakwe kidogo na iachwe ikauke kabla ya injini kuwashwa. Beringi haizibiki, hubadilishwa.

Vumbi la udongo wa volkano linalozunguka Meru na Kilimanjaro ni laini mno, na wakati wa kiangazi gari dogo huzunguka ndani ya wingu lake mwenyewe. Sponji ya kuchujia hewa iwe na oili yake wakati wote, na ioshwe kila baada ya siku ya mchezo. Ikiziba, injini hupata hewa kidogo na kuzidiwa na mafuta. Ikichanika, vumbi huingia na kusaga silinda hadi mgandamizo upotee, na hapo tatizo si la mafuta tena.

Injini iliyofurika

Kamba ya kuwashia ikigoma kuvutika au rafadha ikikwama ghafla, usilazimishe. Mafuta hayagandamiziki, na nguvu inayotumika kupita kiasi itapinda konrodi. Fungua plagi, geuza chombo ili tundu litazame chini, zungusha injini mafuta yamwagike, kisha rudisha plagi na ujaribu mpira wa mafuta ukiwa umebanwa. Hata hivyo, injini mpya yenye silinda ya shaba iliyopakwa kromu hukaza yenyewe pistoni inapofika juu ikiwa baridi, kwa sababu silinda imetengenezwa nyembamba upande huo na hupanuka inapopata joto. Namna ya kutofautisha ni rahisi: plagi ikitolewa, injini iliyofurika huzunguka kwa wepesi, na ile mpya bado hukaza palepale.

Sasa sindano

Haya yote yakiwa sawa, shika bisibisi. Rudisha sindano mahali panapotajwa na kitabu cha injini, washa, na uiache injini ipate joto lake kwanza, kwa sababu injini baridi hudanganya. Kuzungusha kulia hupunguza mafuta na kushoto huyaongeza. Anza na sindano ya kasi kubwa, kwa hatua ya moja ya nane ya mzunguko au pungufu, na baada ya kila hatua endesha mita kadhaa kwa kasi kamili kabla ya kuamua. Injini iliyozidiwa hutoa moshi mwingi, huvuta kwa uzito na hugugumia. Iliyokosa mafuta hulia kwa sauti kali, moshi hutoweka, nguvu hukatika ghafla mwendo ukiwa juu, na ukifunga kasi hukawia kutulia. Mahali pa kusimama ni kabla kidogo ya kilele cha kasi, moshi mwembamba ukiwa bado unaonekana. Rekebisha ili moshi huo usipotee kamwe, hata kama mwenzako anakupita kwenye njia iliyonyooka.

Sindano ya kasi ndogo hufuata. Injini ikiwa kwenye sailensa, bana mpira wa mafuta karibu na kabureta na usikilize. Inatakiwa iendelee kwa sekunde mbili hadi nne, mwendo upande kidogo, kisha izime. Ikizima papo hapo, inakosa mafuta. Ikipanda sana na kukawia kuzima, imezidiwa. Skrubu ya sailensa, ambayo huamua uwazi wa kabureta tu, iguswe baada ya hapo, si kabla. Wengi huitumia kuficha kosa la sindano ya kasi ndogo, na matokeo yake ni klachi inayoshika gari likiwa limesimama.

Kipimajoto husaidia, lakini kile cha kuelekeza kwenye paji la uso kilichozoeleka wakati wa UVIKO hakifai, kwa kuwa hakipimi zaidi ya joto la mwili. Kinachotakiwa ni cha mafundi, na kwenye magari kichwa cha silinda karibu na plagi kwa kawaida huwa kati ya nyuzi 95 na 120 za Selsiasi. Asiye nacho huangusha tone la maji kichwani mwa silinda: likikauka kwa sekunde tatu hadi tano, joto linaridhisha, likitoweka papo hapo, ni kali mno. Tone hilo lisomwe kwa tahadhari Arusha, kwa sababu kwenye mwinuko huu maji huchemka kwenye nyuzi kama 95 badala ya 100, na injini yenye joto la kawaida inaweza kuonekana imezidi.

Mwinuko na majira

Uwanja wa ndege wa Arusha uko mita 1,387 juu ya usawa wa bahari, na ule wa kimataifa wa Kilimanjaro (KIA) mita 894, kiasi kisichotofautiana sana na Moshi mjini. Katika hali ya hewa ya wastani, uzito wa hewa Arusha ni karibu asilimia 87 ya ule wa pwani, na Moshi karibu asilimia 92. Vitabu vingi vya injini havisemi lolote kuhusu hilo. Ukifuata namba zake ukiwa Njiro, Arusha, injini itakuwa imezidiwa kidogo, na utahitaji kuifunga sindano hatua moja au mbili. Nguvu iliyopotea kwa sababu ya uhaba wa hewa haitafutwi kwa kuendelea kuifunga. Anayeifukuzia kwa bisibisi ataipata kwa dakika moja na kununua pistoni mpya.

Safari yenye hatari ni ya kushuka. Injini iliyorekebishwa Arusha mchana wa Januari, hewa ikiwa nyembamba na ya joto, ikipelekwa Moshi na kuwashwa asubuhi ya Julai, hukutana na hewa nzito kwa sababu mbili kwa pamoja, yaani mwinuko na baridi, na mafuta yaleyale hayaitoshi tena. Kabla ya kuiwasha huko, fungua sindano ya kasi kubwa kwa robo ya mzunguko, kisha ishushe taratibu kwa kusikiliza. Kwa anayepanda kutoka Moshi, ataona moshi mwingi na uzembe tu, na ana muda wa kurekebisha bila wasiwasi. Hata siku moja hubadilika: kilichorekebishwa saa moja asubuhi huonekana kuzidiwa saa nane mchana, na atakayekifunga mchana akumbuke kukifungua kesho yake alfajiri. Wenye ndege, kabla ya hayo yote, wapate kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga na wakae mbali na viwanja vile viwili vya ndege.

Kufunga kazi

Mafuta yasilale ndani ya injini. Toa yaliyobaki tangini kwa bomba la sindano, washa injini hadi ichome yaliyomo kwenye kabureta na kuzima yenyewe, kwa sababu mabaki ya nitromethani na unyevu wa methanoli hushambulia beringi usiku huohuo. Tia matone machache ya oili ya kuhifadhia kwenye kabureta na kwenye tundu la plagi, zungusha injini mara kadhaa bila kiwashio, na iache pistoni ikiwa chini ili silinda isibanwe ikiwa imepanuka kwa joto. Kifuniko cha tangi kiachwe wazi kidogo ili gasketi yake isigandamane.